Upande wa Chini wa Jiwe

Kuna mtu niliyemchukia kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na sitaki kudanganya kwamba ulikuwa wakati mbaya kwangu. Nililala vizuri, nilikula vizuri. Asubuhi nilipofumbua macho, kabla sijakumbuka hata leo ni siku gani, nilimkumbuka yeye, nikatabasamu. Wanaosema kwamba chuki humla anayeibeba labda hawajawahi kuibeba wakiwa na uhakika wa kushinda.

Mtu huyo alikuwa msimamizi wangu wa masomo. Chuoni wote tulimwita Daktari, kana kwamba jengo zima halina daktari mwingine, nami nitamwita hivyo hivyo hapa. Alikuwa mpole. Hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja, na jambo hilo lilinikera zaidi baadaye, kwa sababu ni vigumu kumweleza mtu kwamba umeporwa na mpole.

Kazi yangu ni mawe. Nimezaliwa Umatengoni, juu huku Mbinga, kwenye kahawa na mahindi, ambako mtu akikutana na jiwe shambani hulitoa na kulitupa kando. Mama yangu alishangaa kwa nini mimi nayaleta nyumbani. Nilimweleza kwa kutumia kuni. Nilimwambia, mama, ukipasua kuni kwa kufuata nyuzi zake shoka linapita, ukizikata nyuzi shoka linagoma. Mawe ya huku nayo yana nyuzi. Yalikandamizwa na kuvutwa chini sana ardhini, zamani mno, na ule ulanga unaong'aa ndani yake ukalala wote upande mmoja. Tetemeko likitokea, mawimbi yake hukimbia haraka yanapozifuata nyuzi hizo na hujikokota yanapozikata. Anayejua nyuzi zimelala kuelekea wapi anaweza kusoma mashine za matetemeko na kueleza jinsi miamba ilivyokaa chini ya milima na chini ya ziwa, mahali ambapo hakuna atakayefika kuchimba.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa nani anapasua kuni ndani ya ardhi?" Lakini kesho yake alijitwika ngata akaja kunisaidia kubeba.

Alibeba kweli. Tulizunguka naye upande wa Litumbandyosi na vilima vya karibu na kwetu karibu mwezi mzima, mimi nikigonga nyundo, yeye akishuka na mawe kichwani kwa mwendo ule ule anaoshukia na gunia la kahawa. Umri wake umepita miaka sitini. Watu waliotupita njiani walimwamkia, kisha wakamuuliza anajenga nini. Alijibu kwamba mwanawe anasoma mawe, na alilisema kwa fahari kana kwamba nasomea upadri.

Nieleze kidogo jinsi jiwe linavyochukuliwa, maana ugomvi wote umekaa hapo. Huwezi kulivunja tu ukaondoka nalo. Kwanza unaweka dira juu ya uso wake, unachora kwa makapeni, ile kalamu nene ya wino usiofutika, mshale unaoelekea kaskazini, unaandika hapo hapo juu ya jiwe limeinama kiasi gani na kuelekea wapi. Ndipo unaligonga. Maabara watalilaza mezani kama lilivyokuwa limelala porini, wataling'amua lilivyokaa, watalikata kwa msumeno vipande vya pembe nne na kupitisha mawimbi kila upande ili kuona upande wenye kasi. Jiwe lisilo na alama ni la kuzuilia mlango.

Huko mlimani niliweka alama juu ya mawe, kama kila mtu anavyofanya. Ufukweni haikuwezekana. Kati ya Kihagara na Mbaha mawimbi ya ziwa yamekula mwamba kutoka chini, ukabaki umechomoza juu ya maji kama paa la baraza. Juu yake umeoza, umejaa kuvu na mavi ya ndege, ukiugusa unamomonyoka. Jiwe zima lenye afya liko upande wa chini. Basi nilikodi boti, mwenyewe akaishikilia isigonge, nami nikasimama ndani yake shingo nimeipindua, nikachora mishale kwenye tumbo la mwamba juu ya kichwa changu. Kila jiwe la namna hiyo nilichora na kiduara pembeni ya mshale. Maana yake: uso huu ulitazama chini. Niliyaandika hayo kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza kabisa.

Ukitaka kuona uzito wa kiduara hicho, chora mshale wa kaskazini kwenye karatasi, halafu chora mstari mwingine ulioinamia kushoto kwake. Sasa igeuze karatasi uitazame kwa nyuma kwenye mwanga. Mstari umeinamia kulia. Jiwe lililotiwa alama tumboni, ukililaza mezani kana kwamba lilitiwa mgongoni, nyuzi zake zitakudanganya vivyo hivyo. Zilizokuwa zinafuata safu ya milima zitaonekana zinaikata.

Daktari alikuja uwandani mara moja tu. Alifika na viatu vya ofisini, akala samaki Mbamba Bay, akasifu mandhari, akarudi.

Mawe yalipokwisha kusafirishwa chuoni, mama aliteleza kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia huku milimani, akavunjika mguu. Mimi ndiye mtoto pekee aliyekuwa na nafasi ya kumuuguza. Nilikwenda kwa Daktari kuomba ruhusa ya miezi mitatu. Aliinuka kabisa kitini akanishika bega. "Nenda, binti yangu. Mama ni mmoja. Mawe yatakusubiri."

Mwezi wa pili nikiwa nyumbani, ilitumwa kwenye kundi la simu la idara nakala ya andiko la awali la utafiti, lile linalotangaza kazi kabla ya vipimo. Nilisoma kichwa chake nikaona ni kazi yangu, neno kwa neno. Majina ya wenye kazi yalikuwa mawili, lake na la mwenzake wa ng'ambo ambaye sijawahi kumwona. Nilishuka mpaka chini kabisa. Huko mwisho, baada ya kuushukuru uongozi na dereva, waliandika kwamba wanawashukuru pia wabebaji wenyeji wa Mbinga.

Niliinua macho. Mbebaji mwenyewe alikuwa amelala kitandani mbele yangu, mguu umefungwa plasta nzito, anachambua maharage kwenye ungo uliowekwa tumboni.

Nilimpigia Daktari. Nikamwamkia. Hata siku ile nilimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Daktari, nimeona andiko."

"Enhe. Limekaa vizuri, sivyo?"

"Jina langu sijaliona."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu mzima anayemwelewa mtoto. "Hili lilikuwa na haraka, mama. Wewe hukuwepo. Jina lako litaingia awamu ya pili. Sayansi ni ya wote, usianze kuwa na roho ndogo mapema hivi."

"Na sisi wabebaji?"

"Wabebaji tumewashukuru. Hukuona?"

Hakuwa ananikejeli. Alidhani kweli ametenda wema. Nilikata simu, nikatoka nje nikakaa kwenye kichanja cha kahawa, nikaapa kwamba nitamwonyesha mtu yule kilichomtoa kanga manyoya. Sikujua nitafanyaje. Nilijua tu kwamba nitafanya.

Haikuchukua hata wiki, akaniletea njia mwenyewe. Nilikuwa nageuza kahawa kwenye kichanja aliponipigia, na nyuma ya sauti yake nilisikia msumeno wa maabara ukijaribiwa.

"Binti yangu, swali dogo tu. Haya mawe ya ziwani yana viduara karibu na mishale. Vina maana gani?"

Niliziona njia zote mbili kama ninavyoiona barabara ya lami ikishuka Mbamba Bay. Neno moja la kweli, na kazi ingekuwa safi, na kazi ile safi ingekuwa ya kwake. Nilichota kahawa mkononi nikaiangalia inavyokauka.

"Ni hesabu zangu za mifuko tu, Daktari," nilimwambia. "Usivijali."

"Basi sawa. Msalimie mama."

Msumeno ukaanza kulia kabla hajakata simu. Nikaendelea kugeuza kahawa. Moyo ulikuwa umetulia kabisa, na nakumbuka nilipiga mluzi, kitu ambacho mama hapendi mwanamke afanye.

Mpango mzuri kuliko ule hata mimi nisingeweza kuubuni. Mawe ya mlimani yalikuwa na alama juu, kwa hiyo aliyasoma sawasawa. Ya ufukweni aliyasoma yote kinyume. Ramani yake ilipotoka, mishale ya Mbinga ilikwenda upande mmoja na mishale ya ziwani ikaenda mwingine, na katikati Daktari akachora mstari mnene mwekundu. Akauita mpaka mkubwa wa kale uliokuwa haujulikani. Akasema huenda miamba ya pande mbili ilikutana hapo na kugongana. Alipongezwa. Alialikwa kuzungumza hapa na pale. Tukaanza kusikia kwamba uprofesa wake sasa ni suala la kikao tu. Nilirudi chuoni, nikawa namwamkia kila asubuhi koridoni, na mara moja nilimpelekea kilo mbili za kahawa ya nyumbani. Alinishukuru kwa moyo wote, nami nilikwenda chooni nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Daftari nililiacha kwa mama, ndani ya gunia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nausubiri mshindo wangu mahali panapostahili.

Pahali hapo palikuja penyewe. Daktari aliamua kuuleta ugunduzi wake wilayani, kuwaeleza watumishi na wataalamu wenzake, kwenye ukumbi mmoja wa Mbinga mjini. Ukumbi ulijaa. Walikuwepo watu wa ardhi, wa maji, wa elimu, wa mifugo, wengi wao wageni waliopangiwa kazi huku kutoka mikoa mingine, wamevaa masweta kwa baridi yetu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtu mzima, mtaalamu wa miamba aliyestaafu, mwenye kusema taratibu. Mama yangu nilimketisha nyuma kabisa, na fimbo yake. Nilimwambia tu kwamba leo atasikia habari za mawe yake.

Daktari alizungumza vizuri. Alipomaliza, mhandisi mmoja akauliza kama ule mstari mwekundu unapita kwenye vijiji, maana wana shule ya kujenga, na watu wa ufukweni wamekuwa wakiulizana tangu habari hizi zisikike redioni. Daktari akajibu kwamba tahadhari ni muhimu. Hapo nikanyoosha mkono.

"Shikamoo Daktari. Naomba kuuliza. Jiwe la kwanza la Kihagara, upande uliotiwa alama ulitazama juu au chini?"

"Juu, bila shaka."

"Nani alikwambia?"

Akanitazama. Nikatembea mpaka mbele na daftari langu. Nilichukua karatasi ya ratiba, nikachora mistari yangu miwili kwa makapeni, nikaiinua juu ya kichwa kama dari, kisha nikaigeuza. Nilisema: boti ilikuwa hapa, mwamba ulikuwa huku, mimi nilikuwa chini yake. Kiduara maana yake ni tumbo. Mpaka mkubwa wa kale haupo. Upo mlima ulio mzima na mtu aliyesoma nusu ya mawe kichwa chini miguu juu. Bwana mifugo alielewa. Mhandisi alielewa, nikasikia anacheka puani. Daktari alikuwa ameshika ukingo wa meza, na uso wake, niseme tu, ulinifurahisha kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa. Nilitaka dakika ile isiishe.

Kisha akasema, kwa upole wake ule ule, "Lakini nilimuuliza."

Mwenyekiti akageuka kwake. "Ulimuuliza nini?"

"Maana ya viduara. Nilimpigia simu kabla ya kukata hata jiwe moja."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Ni kweli alikuuliza?"

Ningeweza kukana. Hakukuwa na shahidi. Lakini nilikuwa na kiburi cha mshindi, na zaidi nilitaka Daktari ajue kwamba haikuwa bahati mbaya, kwamba ni mimi niliyemfanyia. "Aliniuliza," nikasema.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu ni hesabu za mifuko."

"Ukijua kwamba siyo."

"Nikijua. Na yeye alijua mawe ni ya nani alipoandika majina."

Minong'ono ilipita ukumbini. Nikaeleza yote, andiko, jina, wabebaji, na watu walitikisa vichwa kwa kunihurumia. Mwenyekiti hakutikisa. Aliomba daftari. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa, polepole, mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Limeandikwa vizuri sana," alisema. "Uliliandika lini?"

"Kule kule, ndani ya boti."

"Nani alikuona?"

"Mwenye boti."

"Anajua kusoma dira?"

"Hapana."

"Na mawe yenyewe?"

"Yamekatwa," alisema Daktari. "Nyuso zenye alama zilikwenda na msumeno."

Mwenyekiti alilifunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili. Alimgeukia Daktari. "Hii ramani inaanguka leo, na wewe mwenye jina la kwanza utaandika barua ya kuiondoa." Kisha akarudi kwangu. "Lakini, mwanangu, siwezi kuweka ya kwako mahali pake. Ulipoulizwa alama ina maana gani ulisema moja, leo unasema nyingine. Mimi moyoni nakuamini ya leo. Nikiulizwa kwa nini, nitajibu nini?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyatunga mwaka mzima, nayo yote yalikuwa ya kumjibu Daktari. Nililipachika daftari kwapani, nikaenda nyuma kumsaidia mama kuinuka.

Njiani kurudi nyumbani, kwenye kona ya kanisa, mama alisimama. "Aliyakata yote?" aliuliza.

"Yote."

"Nawe ulikuwa unajua anayakata."

"Nilikuwa najua."

Akatembea hatua kadhaa na fimbo yake. "Ningejua ni ya kukatia hasira, ningekuletea ya pale pale nyuma ya jiko," alisema.

Daktari hakupata uprofesa. Siku hizi tukikutana koridoni ananiitikia shikamoo yangu akitazama ukuta. Sijutii alichokipata. Akianguka tena leo, nitakwenda na kigoda changu nikae nitazame. Mchimba kisima huingia mwenyewe, aliingia, na sikumpa kamba. Kinachonikosesha usingizi ni kingine kabisa, na nilianza kukijua ipasavyo niliporudi ziwani.

Maana kazi nilipewa. Iko kwa jina langu peke yangu, kama nilivyotaka, kuanzia jiwe la kwanza. Barua yake ina sharti moja: kila alama nitakayoweka ishuhudiwe na mtu mwingine, aitazame kabla jiwe halijavunjwa, aandike jina lake na sahihi. Hata wanafunzi wa mwaka wa pili hawapewi sharti hilo. Halmashauri ikanipa mtumishi wa masjala, mwanamume wa makamo kutoka Kagera, mtu mwema anayeogopa maji.

Tulishuka naye Kihagara asubuhi. Mwenye boti wa zamani alinikumbuka, akatupeleka chini ya mwamba. Mtumishi alikuwa amevaa jaketi la kuokolea alilolifunga mpaka shingoni, fomu zake kwenye mfuko wa nailoni. Nilipindua shingo, nikaweka dira, nikachora mshale, nikachora kiduara. Nikanyanyua nyundo.

"Samahani, mama," alisema. "Nimeelekezwa niulize. Una hakika huu ni upande wa chini?"

Mwamba ulikuwa juu ya vichwa vyetu, unatudondoshea maji kwenye mabega. Mwenye boti alitazama pembeni. Nilimwambia mtumishi atazame mwenyewe. Akashika ukingo wa boti kwa mkono mmoja, akainua uso juu, akaukazia macho mwamba, akatazama chini majini, akatazama juu tena. Kisha akatoa fomu akasaini, nami nikaruhusiwa kupiga nyundo.